Jiko Lililokataa Ugali

Siku mliyoniaga mlichinja mbuzi kwa heshima yangu, mkamla wakati mimi nimesimama natoa hotuba. Nilipokaa nikakuta mfupa wa shingo na ndizi mbili. Sina kinyongo. Sasa mmenitumia ujumbe kwamba niandike uzoefu wangu uwasaidie vijana wapya wa ofisi yetu ya michoro, kwa kuwa, mnasema, mzee ana hazina kichwani. Hazina hiyo ilikaa ofisini miaka thelathini na kitu, meza ya pembeni, karibu na lile dirisha lisilofunga, na hakuna aliyekuja na jembe kuichimba. Haya, chukueni kalamu. Au chukueni simu, maana kalamu najua hamna.

Habari za vyeo sitaandika. Nani alipanda lini, na kwa sababu alikuwa shemeji wa nani, mnayajua kuliko mimi.

Nilifika Babati na cheti cha ufundi, rula ya T iliyokuwa ndefu kuliko sanduku langu, na imani kwamba mji ulikuwa unanisubiri. Mji haukuwa na habari. Nilipewa meza, kiti chenye mguu mmoja mfupi, na kalamu tatu za wino za unene tofauti ambazo niliambiwa nizitunze kuliko meno yangu. Tulichora kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Ukikosea mstari, unachukua wembe, unaukwangua wino taratibu kama unayemnyoa mtoto mchanga. Ukizidisha nguvu kidogo karatasi inatoboka, na kazi ya wiki nzima inapita kwenye tundu hilo. Nakala zilipelekwa Arusha kwa basi, kwenye mashine iliyonuka mkojo wa paka, zikarudi zimekunjwa. Mteja akiona mkunjo katikati ya sebule anauliza huo ni ukuta gani.

Nyinyi leo mnabonyeza kitufe, ramani inatoka na rangi zake, nyasi za kijani, gari la kifahari limeegeshwa mlangoni na Mzungu anapita na mbwa wake. Mzungu huyo sijawahi kumwona mtaani kwetu Maisaka. Mteja anaipenda picha, analipa, anajenga, halafu anashangaa nyasi ziko wapi.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa wa nyumba ya kule Nakwa, vyumba vitatu, na nilijivunia sana mwandiko wake. Niliupeleka kwa Mzee Gwandu, fundi mwashi mkuu tuliyekuwa tukifanya naye kazi, mtu mfupi mwenye mikono kama mizizi, mzaliwa wa milima ya Mbulu. Hakuwahi kusoma ramani darasani. Pembe ya nyumba aliipata kwa kamba yenye mafundo: tatu huku, nne huku, tano katikati, na hakukosea hata siku moja. Aliishika karatasi yangu kichwa chini miguu juu, akaitazama muda mrefu. Nikaingiwa na huruma, nikataka kumgeuzia.

"Nzuri," akasema. "Ila huyu mwenye nyumba, chooni ataingia kwa maombi?"

Nilikuwa nimesahau mlango wa choo. Mzee aliiona hata karatasi ikiwa imepinduka. Kuanzia siku hiyo nilimwamkia shikamoo mara mbili kila asubuhi, moja ya umri na moja ya ule mlango.

Yeye ndiye aliyenifundisha kitu kimoja ambacho cheti changu hakikukijua. Alisema: "Ukienda kwa mtu kupima, usikimbilie sebuleni. Kaa kwanza uani tangu asubuhi mpaka mchana. Angalia miguu ya watu inakwenda wapi. Nyumba ni miguu." Nikamjibu ndiyo mzee. Nikalifuata somo hilo kwa uaminifu mkubwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Baadaye nikagundua kwamba uani kuna jua, kuku na vumbi, na sebuleni kuna chai na viazi vitamu. Nikawa mtaalamu wa sebuleni.

Sasa niseme kuhusu vyumba vya kulia, maana ndiyo kazi iliyonilisha miaka ya mwisho. Ghafla kila mtu mwenye nyumba ya zamani alitaka kuiongeza kwa nyuma: jiko la ndani na chumba cha kulia chakula, vimeungana, kama alivyoona kwenye simu. Nikawachorea. Meza ya watu wanane katikati, viti nane, kabati la vyombo ukutani. Ukirudi baada ya mavuno, kwenye ile meza ya watu wanane wamekaa mahindi gunia kumi na tano. Mahindi yakiuzwa, zinaingia mbaazi kusubiri bei. Mbaazi zikitoka, inaingia pikipiki kwa sababu mvua imeanza. Familia inakula sebuleni, sahani mapajani, kama ilivyokula tangu enzi za babu. Mkulima mmoja wa Mutuka alikuwa mkweli kuliko wote. Nilimwekea mlango wa kulia wenye upana wa sentimita tisini, akaniambia, "Ongeza, fundi. Hapo plau ya kulimia haipiti." Yule nilimheshimu.

Lakini kesi iliyonikaa moyoni ni ya Mwalimu Paskali, na ndiyo nimekubali kuandika kwa ajili yake. Hayo mengine ni ya kuwachangamsha tu.

Mwalimu alikuwa mkuu wa shule mstaafu, nyumba yake Maisaka, mrefu kama nguzo ya umeme, shati limechomekwa mpaka siku ya kwenda shamba. Mkewe, Mama Theresia, alikuwa mfupi na mkimya. Ninavyosema mkimya msimfikirie mnyonge. Alipika kwenye jiko la nje la miti na udongo, mafiga matatu, kuni, bati jeusi tii kwa masizi, na alipika humo tangu aolewe. Kifua kikaanza kumbana. Daktari akamwambia waziwazi: mama, moshi basi. Ukiendelea na moshi, mapafu haya hayatakufikisha mbali. Binti yao mkubwa, Theresia, nesi huko Dodoma, akawapigia simu ndugu zake wote, wakajinyima, wakakusanya. Jiko la ndani lijengwe, la gesi, mama atoke kwenye moshi. Ndilo lengo lililotajwa, na nililiandika kwa mkono wangu kwenye daftari: *kumtoa mama kwenye moshi*. Nikapiga mstari chini yake.

Nikaenda kupima. Nikaingia wapi? Sebuleni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Keti. Nimeanza mwenyewe, wewe utarekebisha."

Alikuwa amechora jiko kwenye karatasi ya mirabamraba, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Tulijadiliana saa mbili nzima, wanaume wawili ambao kati yetu hakuna aliyewahi kuchemsha hata yai. Tulijadili sinki likae wapi. Tulijadili kaunta. Mwalimu alitaka marumaru nyeupe. Mimi, kuonyesha elimu, nikasema urefu wa kaunta kutoka sakafuni kitaalamu ni sentimita tisini, ndivyo vitabu vinavyosema. Mwalimu akaandika "90" akaizungushia duara. Halafu nikatoa wazo langu la fahari: mtungi wa gesi ukae nje kwa usalama, bomba lipite ndani ya ukuta, litokee juu ya kaunta, lisionekane. Mwalimu akanitazama kama mwanafunzi aliyepata jibu ambalo darasa zima limeshindwa.

Mama Theresia aliingia na sinia la chai. "Karibuni chai." Tukapokea. Alisimama pale mlangoni kidogo, akiangalia ile karatasi, muda mrefu kuliko sinia linavyohitaji. Kwetu huku mama hachomeki neno katika mazungumzo ya mgeni na mume wake asipoulizwa, na sisi hatukumwuliza. Nilichomwambia ni, "Asante mama, chai nzuri." Akarudi uani. Jiko lake hilo!

Nilipopeleka mchoro kamili, Mwalimu aliukagua kwa kalamu nyekundu, akaweka alama pembeni: nane kwa kumi. Mbili alizikata kwa sababu neno "stoo" niliandika kwa herufi ndogo.

Ujenzi wenyewe ulikwenda vizuri, na hapo sitajishusha. Mkitaka kuunga chumba kipya na nyumba ya zamani, msiukaze ukuta mpya kwenye ule wa zamani kama mnafunga ndoa. Nyumba ya zamani imeshatulia kwenye udongo, mpya bado inatafuta pa kukaa; acheni mwanya mwembamba, muuzibe baadaye kwa kitu kinachovutika. Paa nalo, pale bati jipya linapokutana na la zamani, wekeni mfereji mpana mara mbili ya mnavyodhani inatosha, maana mvua ya hapa haisomi hesabu zenu. Haya niliyafanya yote. Mpaka leo ukuta ule hauna ufa. Ungeniuliza wakati ule ningekwambia ni kazi bora kuliko zote nilizofanya. Kumbe!

Siku ya kubariki jiko alikuja katekista, majirani na wanakwaya. Sala ikasaliwa, maji ya baraka yakanyunyizwa mpaka kwenye bomba la gesi. Mwalimu alitembeza wageni mmojammoja: "Hapa sinki. Hapa kaunta, sentimita tisini kitaalamu. Mke wangu na moshi sasa basi." Tukapiga makofi. Halafu tukala pilau, nyama na ugali, vyote vimepikwa na kina mama uani, kwa kuni, kwenye masufuria makubwa, kama kawaida ya shughuli. Watu sitini tulikula chakula cha moshi kusherehekea mwisho wa moshi, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Mimi nilirudia nyama.

Lile jiko la udongo likabomolewa wiki ileile. Mwalimu alisimamia mwenyewe.

Ilipita miezi minane. Jiko lile liliniletea wateja watatu, kwa vile Mwalimu alikuwa anawaonyesha watu kama makumbusho. Siku moja nilikuwa na kazi nyumba ya tatu kutoka pale, nikasema nipite niwasalimu, nisifiwe kidogo. Mwalimu alikuwa ametoka. Nikasikia kikohozi nyuma ya nyumba. Nikazunguka.

Nyuma ya ukuta wangu mpya, kwenye kile kichochoro kati ya nyumba na ua wa minyaa, kulikuwa na mabati mawili yameegemezwa kwenye ukuta, na chini yake mafiga matatu. Mama Theresia alikuwa ameinama anasonga ugali, mguu mmoja umekanyaga mti wa kushikilia sufuria, macho yanamtoka machozi, anakohoa. Moshi ulipanda ukutani, ukaingia ndani kwa dirisha la jiko langu, lile la kutolea hewa. Lile jiko la nje la zamani angalau lilikuwa na upenyo pande zote. Hapa alikuwa amebanwa kama panya kwenye gunia.

"Shikamoo mama. Mama, vipi huku? Jiko limeharibika?"

Akashtuka. "Marahaba, Baba Neema. Jiko ni zima. Karibu chai." Ndivyo walivyo watu hawa, angekuwa anazama ziwani angenikaribisha chai.

"Sasa mbona uko huku?"

Akanitazama. Nadhani alikuwa anapima kama aseme au asiseme. Halafu akaepua sufuria, akanawa mikono, akasema, "Njoo."

Tukaingia jikoni. Marumaru nyeupe, zinang'aa. Akachukua sufuria la ugali wa nyumba ile, la watu tisa, kwa kuwa wajukuu wanne walikuwa wanaishi pale na ndugu hawakatiki. Akaliweka juu ya jiko la gesi, juu ya kaunta yangu. Mdomo wa sufuria ukamfika begani. Akachemsha maji, akatia unga, akanipa mwiko.

"Songa."

Nikacheka. Hakucheka. Nikasonga.

Jamani. Miaka yote ya ndoa yangu ugali nilikuwa nauona umeshakaa mezani, nikadhani unazaliwa hivyo. Kumbe ule ni udongo wa kufyatulia tofali! Lazima uulalie kwa uzito wako, uukandamize kutoka juu, na sufuria lishikwe. Mimi ni mrefu kumzidi mama yule kichwa kizima, na bado viwiko vyangu vilikuwa juu kama jogoo anayetaka kuwika. Nilipokandamiza, sufuria likazunguka. Nilipolizuia kwa mkono nikaungua. Nilipoongeza nguvu, jiko lote likateleza kwenye marumaru, na bonge la ugali wa moto likaruka likatua kwenye shati langu.

"Ndiyo hivyo," akasema Mama Theresia.

Nikamwuliza kwa nini asilishushe jiko la gesi chini sakafuni. Akanionyesha bomba: linatokea ukutani juu ya kaunta, limejengewa kwa saruji, haliendi kokote. Wazo langu la fahari. Nikamwuliza kama hakujaribu kupanda juu ya kitu. Akapandisha gauni kidogo akanionyesha kovu kwenye goti. Alishapanda juu ya kreti la soda. Kreti lilisimama siku tatu, ya nne likateleza.

"Chai napikia hapa," akasema. "Wali napikia hapa. Ni jiko zuri, wala usije ukasema nimelikataa. Ila Mwalimu anakula ugali mchana na jioni, na watoto pia. Nisongee wapi?"

"Mwalimu anajua?"

"Atajuaje? Nyuma hapa haji. Anaona sahani inatokea jikoni. Moshi akiusikia anasema ni wa jirani. Ameshakwenda kwa Baba Juma mara tatu kumlalamikia."

"Na Baba Juma?"

"Anaomba radhi."

Halafu akanishika mkono, ule ulioungua. "Usimwambie. Analipenda hili jiko kuliko alivyonipenda mimi siku ya harusi. Na Theresia asijue kabisa. Watoto wamejinyima. Nitawaambia nini, kwamba walichonijengea hakifai?"

Nikaahidi. Nilirudi nyumbani na shati la ugali. Mama Neema, mke wangu, alivyosikia alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaacha kucheka ghafla. "Miaka yote hii unachora majiko," akasema, "hujawahi hata siku moja kuniuliza."

Niwaambieni ukweli, vijana, kwa sababu mmesema mnataka uzoefu. Wiki mbili nilinyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa vile nimeahidi. Uongo mtupu. Nilinyamaza kwa sababu Mwalimu alikuwa bado anatembeza wageni, na mmoja wa wageni hao alikuwa ameahidi kuja ofisini Jumatatu. Katika kazi yetu kuna kanuni ya zamani: ramani haikosei, anayekosea ni fundi, fundi akikosekana, ni saruji, saruji ikikosekana, ni Mungu. Nilikuwa natafuta namna ya kumsingizia yeyote kati ya hao watatu. Nikakosa. Ukuta hauna ufa, fundi alifuata mchoro, saruji nzuri, na Mungu alikuwa amenyunyiziwa maji ya baraka mpaka kwenye bomba.

Jumapili ya pili, kanisani, Mama Theresia alianza kukohoa katikati ya mahubiri. Alikohoa mpaka padre akasimama kusubiri. Akatoka nje, ameziba mdomo kwa kitenge, na Mwalimu akabaki kwenye benchi anageuka nyuma kama mtu asiyeelewa. "Mwezi wa tisa huu hajagusa moshi," akamnong'oneza jirani yake, nami nikasikia. Nilipatwa na aibu ambayo sijawahi kuipata mbele ya mteja wala bosi. Miezi minane, vijana. Yule mama alivuta moshi miezi minane kwenye kichochoro nilichokichora mimi.

Baada ya misa nikamfuata Mwalimu mpaka kwake. Nikaingia sebuleni, na nikakataa kukaa.

"Mwalimu, lile jiko nimefeli."

"Umefeli nini?"

"Lote. Mama hawezi kusonga ugali mle. Anapikia nyuma ya ukuta kwa kuni, tangu siku ya baraka."

"Nani kasema?"

"Nimeona. Nimesonga mwenyewe. Shati ninalo."

"Moshi ule ni wa Baba Juma."

"Baba Juma anapikia gesi, Mwalimu."

Mwalimu akainuka na urefu wake wote, akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma ambao nadhani hakuwahi kuutumia, akaenda. Nilimwona dirishani. Aliinama akachungulia chini ya yale mabati, akaugusa ukuta uliokuwa mweupe na sasa mweusi, akautazama mkono wake. Mama Theresia alikuwa anatoka kanisani na wajukuu, akamkuta amesimama pale na kiganja cheusi. Sikusikia alichosema kila mmoja. Nilimwona tu Mwalimu akivua koti lake la Jumapili.

Aliporudi ndani alikuwa na nyundo. Nikamwambia, Mwalimu, tungoje kesho mafundi. Hakunisikia. Pigo la kwanza lilikosa kaunta likapiga bomba la maji. Maji yakaruka mpaka darini, Mwalimu kaloa, mimi nimeloa, wajukuu wanapiga kelele za furaha. Ndivyo ulivyoanza ukarabati, bila mchoro na bila kibali cha mtu yeyote.

Kesho yake nilirudi na daftari na, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, nikampima mpishi. Nilimwomba Mama Theresia ashike mwiko, ainame kama anasonga, nikaweka alama ya mkaa ukutani penye mkono wake, nikashuka na kipimo mpaka chini, nikatoa kimo cha sufuria na mwiko. Tukakata mita moja ya kaunta. Mahali pake tukajenga kijukwaa cha tofali za kuchoma, ndani yake jiko la kuni lenye mlango wa chuma na bomba la moshi lililopanda hadi juu ya paa, na vyuma viwili pembeni vya kulishika sufuria lisizunguke. Urefu wa kijukwaa: sentimita thelathini na mbili. Msiitafute namba hiyo kwenye vitabu. Imetoka kwa mama mmoja wa Maisaka.

Siku ya kwanza alipowasha, moshi ulikwenda juu na kutokea juani, na yeye akasonga ugali bila kukohoa, amekanyaga sakafu kwa miguu miwili. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anaangalia. Alimwangalia mwanzo mpaka mwisho. Ugali ulipoiva akasema, "Sikujua ni kazi hivyo." Mama Theresia akamjibu, "Sasa si umejua," akampa sahani ashike. Theresia wa Dodoma aliambiwa tu kwamba jiko limeongezewa sehemu.

Kuanzia hapo nilibadilisha utaratibu. Nikifika kwa mteja naomba kuongea na anayepika, na nimekula matusi ya kutosha kwa ajili hiyo. Kuna bwana mmoja aliniuliza nina mazungumzo gani na mke wake. Nikamwambia ya sentimita. Akanifukuza. Nyinyi mnaobonyeza kitufe, kitufe chenu kina sentimita tisini ndani yake, kimekuja nazo kutoka huko alikotoka yule Mzungu na mbwa wake. Ibadilisheni. Kabla ya kuchora, ombeni mwiko msonge. Mkiungua, hayo ndiyo mafunzo kazini.

Ningependa kuwaambia kwamba kifua cha Mama Theresia kilipona. Hakikupona. Daktari alisema moshi uliokwisha kuingia hautoki, kilichopo ni kutoongeza. Alikaa na kijukwaa chake miaka minne, na miaka hiyo hakuongeza. Kipupwe kilichopita kilimzidi, akalazwa, hakurudi. Nilibeba jeneza pamoja na Baba Juma. Watu wazima wananiambia ile miezi minane haikuwa kitu mbele ya miaka arobaini ya kuni. Huenda ni kweli. Mimi naihesabu.

Mwezi uliopita, mimi tayari mstaafu, Mwalimu akanipigia simu. Wajukuu wamekua wameondoka, anaishi peke yake, na amekataa msichana wa kazi. Nikaenda. Nikamkuta jikoni, shati limechomekwa, amepiga magoti sakafuni mbele ya kile kijukwaa, mwiko mkononi, uso una jasho. Ugali ulikuwa na mabuje ya unga mbichi. Nikasalimia, akaitika, akainuka kwa shida akiwa ameshika kiuno.

"Fundi, hapa pamenishinda. Ni chini mno. Mgongo unaniua. Nataka upandishe, hata tofali mbili tatu."

Nikatoa kipimo, nikapima kwa mazoea tu. Thelathini na mbili.

"Tutapandisha, Mwalimu," nikasema. "Ni chini kwako kwa sababu nilimpima yeye."

Akaangalia kijukwaa. Akaangalia ile alama ya mkaa ukutani, ambayo hakuna aliyewahi kuifuta.

"Basi usikiguse," akasema, na akapiga magoti tena.